Pikapu ya umeme ya bei chee, na swali la soketi

Mdogo wangu yuko Ohio, Marekani, kazi yake kupaka rangi nyumba. Miezi miwili iliyopita kanipigia usiku, sauti imejaa furaha, "Dada, nimeweka oda ya ile pikapu ya umeme, ile ya bei chee, dola 50 tu na nikighairi wananirudishia." Nikamuuliza, utaichajia wapi? Akanyamaza kidogo, akasema hilo tutaliona huko mbele. Tukahamia habari za watoto, tukaagana, lakini usingizi haukuja haraka, maana mi nimeendesha pikapu miaka kumi na moja kwenye kazi yangu ya kukodisha viti na mahema na najua gari la kazi ukilikosea hesabu unakuwa umegusa riziki yenyewe.

Kwa ambao hamjaisikia, inaitwa Slate. Kampuni yao iko Michigan, Jeff Bezos yule wa Amazon ni mmoja wa walioweka hela, na waliionyesha Aprili 2025. Viti viwili, na nyuma boksi la kama mita moja na nusu. Haina redio, haina spika, haina ile skrini kubwa ya katikati, pale kuna sehemu ya kupachika simu yako mwenyewe basi. Vioo unazungusha kwa mkono, rimu ni za chuma, na haijapakwa rangi, zote zinatoka na kijivu kimoja hicho hicho, ukitaka nyingine unaivisha stika gari zima. Ilipotangazwa walisema itakuwa chini ya dola 20,000 ukishatoa ruzuku ya serikali, na ndani ya kama wiki mbili oda zikafika 100,000.

Watu wengi niliosikia wanaiongelea wanaanzia kwenye vioo, eti nani mwaka huu anataka kuzungusha kioo. Ngoja niwaambie. Gari langu la kwanza la kazi lilikuwa na hendeli za kuzungusha, ile ya upande wa abiria kirungu chake cha plastiki kilishadondoka siku nyingi, kikabaki kichuma kitupu, tukakivisha kipande cha mpira wa bomba na kikafanya kazi hivyo hivyo mpaka siku naliuza. Lililofuata lilikuwa na vioo vya umeme. Siku moja tumetoka kufungua hema, mvua imeshaanza, nikashusha kioo niongee na kijana aliyekuwa nyuma anakaza kamba, nikabonyeza kitufe kioo kipande juu, kikatoa mlio kama mtu anatafuna mchanga, kikateremka kikapotelea ndani ya mlango. Nimeendesha saa nzima mkono wa kulia umelowa mpaka begani, kiti kinanyonya maji kama sponji, na kesho yake fundi ananiambia mota haiuzwi peke yake, ninunue na mtambo wake wote. Kwa hiyo mtu akiniambia gari la kazi lina hendeli ya kuzungusha, kwangu hiyo ni sifa, na ningeilipia.

Lakini vioo sio vilivyoshusha bei, na hapa ndo watu wanapotea njia. Kiwanda cha magari cha kawaida kina karakana ya rangi, na hiyo karakana inameza mamia ya mamilioni ya dola kabla gari la kwanza halijatoka, matanuru, roboti, vichujio vya hewa, maji machafu ya kusafisha. Kina pia mashine kubwa kama nyumba za kukandamiza bati la bodi mpaka liwe mlango au boneti. Hawa kwenye bodi wameruka vyote viwili. Bodi ni plastiki ngumu ambayo rangi yake imeingia mpaka ndani, vipande vinafungwa kwa bolti, na gari linaundwa kwenye jengo huko Warsaw, Indiana, ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha uchapishaji. Kwa mwenye gari hilo lina maana kubwa. Ngazi ya mdogo wangu ikikwaruza ubavu, chini ya mkwaruzo kuna kijivu kilekile. Kutu nayo haina pa kushika kwenye plastiki, na kule wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani, chumvi inayokula matao ya matairi mpaka unaona ardhi.

Kitu kikubwa kuliko vyote walichopunguza ni betri. Hii ndo unapaswa kuiangalia, mengine yote ni nguo. Betri ya kawaida ya Slate ni yuniti 52.7 za umeme, yaani kilowati-saa, na kampuni inasema itakupeleka kilomita 240 hivi, kuna kubwa zaidi ya yuniti 84.3 kwa kilomita kama 386 lakini hiyo unaongeza hela. Sasa linganisha, Ford F-150 Lightning iliyokuwa na betri ndogo ilikuwa na yuniti 98, kubwa yake 131, na ile Hummer ya umeme inabeba zaidi ya 200 na uzito wake unapita tani nne, wakati hii Slate ni kama tani moja na kilo mia sita. Betri ndo sehemu ya bei ghali kuliko zote kwenye gari la umeme. Makampuni ya Marekani yalitaka pikapu ya umeme ifanye kila kitu ambacho ile kubwa ya petroli inafanya, ivute trela, iende mbali, iwe na anasa za ndani, matokeo yake ukabeba mlima wa betri kwa ajili ya safari unayoifanya mara mbili kwa mwaka, na bei ikaenda huko. Lightning ilitangazwa 2021 kwa chini kidogo ya dola 40,000, bei haikukaa hapo hata kidogo, na Desemba 2025 Ford wakasema wanaachana na ile ya umeme mtupu.

Kwa hiyo ukinunua hii, ulichokubali kuishi nacho ni betri ndogo, na hilo la redio ni dogo mno mbele yake. Redio unaweza kuweka hata kesho, kuna spika za kuchaji za kuweka popote. Betri ndogo utakuwa nayo miaka yote.

Nikampigia tena. Nikamwambia nunua daftari dogo, weka kwenye dashibodi, kila jioni ukirudi andika kilomita za siku hiyo, mwezi mzima, usikadirie kichwani maana kichwa kinakumbuka safari ndefu tu. Akalalamika kidogo, akaandika. Mwisho wa mwezi akanitumia picha za kurasa, mwandiko wake uleule wa shule, vidole vya rangi nyeupe pembeni ya karatasi. Siku nyingi sana zilikuwa kati ya 50 na 70. Siku mbili zilipita 130, kazi ilikuwa mji mwingine. Na Jumapili moja 310, alienda kumuona rafiki yake aliyepata mtoto.

Tukakaa kwenye simu tukapiga hesabu. Kilomita 240 ni za karatasini. Betri nyingi za litiamu zinadumu zaidi usipozijaza mpaka juu kila siku, watu wengi wanaishia asilimia 80, na hakuna mtu wa kazi atakayekubali kuendesha mpaka sifuri, tuseme unarudi nyumbani imebaki 10. Hapo una asilimia 70 ya betri, yaani kilomita 168. Weka sasa Januari ya Ohio, betri imepoa na hita nayo inakula umeme huohuo, ukipoteza theluthi wala sio ajabu, umebaki na 110 hivi. Kwa siku zake za 50 hadi 70 bado anatosha vizuri kabisa hata kwenye baridi. Zile siku mbili, usiku wa kuamkia anaijaza mpaka mia. Ile Jumapili ndo anaishia njiani kwenye chaja ya haraka, na kampuni inasema kutoka 20 mpaka 80 ni chini ya nusu saa, ambayo kwa safari ya mara moja kwa mwezi mi naiona ni mapumziko ya kawaida tu, anywe kitu anyooshe mgongo.

Mzigo je? Kampuni inasema inabeba kama kilo 650. Hiyo ni mifuko 13 ya saruji ya kilo hamsini, na uzito wa dereva unatoka humohumo. Ndoo za rangi, kompresa, ngazi mbili na turubai, hata hafiki nusu. Kuvuta ndo ilipo dhaifu, imewekewa kilo 454, yaani kitrela kidogo cha kubebea takataka za bustani na sio zaidi. Na ukivuta chochote kirefu kinachokata upepo kwa gari la umeme, mwendo unaweza kupungua hata nusu. Kazi yako ikiwa ni trela, acha, usijisumbue, hii sio yako na hakuna hesabu itakayoibadilisha. Mi mwenyewe na mahema yangu, nguzo zake ndefu na viti mia tatu, isingenitosha.

Sasa bei, na hapa nimekasirika kidogo kwa niaba ya watu walioweka oda mapema. Ile chini ya dola 20,000 ilisimama juu ya ruzuku ya serikali ya dola 7,500. Julai 2025 sheria mpya ikasainiwa, ruzuku ikaisha mwisho wa Septemba mwaka huohuo, na magari ya kwanza yenyewe yalipangwa kutoka mwishoni mwa 2026. Kampuni ikaliondoa lile tangazo la chini ya 20,000, ikaanza kusema bei itakuwa katikati ya elfu ishirini na kitu. Gari ni lilelile lakini mtu uliyemvutia kwa 19 na kitu sio yule wa 25, kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba na bima na kutuma hela nyumbani hizo elfu tano ni mwaka mzima wa kujibana.

Na ukifika huko juu unakutana na Ford Maverick. Ile ya haibridi, yaani injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, inaanzia kama dola 28,000 kabla ya gharama za kusafirisha, viti vitano, redio ipo, vioo vinajipandisha, inavuta karibu kilo 900 bila kuongezewa kitu, na petroli inakula kidogo mno. Na yenyewe ilianza hivyohivyo jamani, 2021 ilitangazwa kwa dola 19,995, watu wakaikimbilia, bei ikapanda ikapanda. Kwa hiyo bei ya tangazo mi siku hizi naipokea kwa mikono miwili lakini siiweki mfukoni mpaka niione kwenye karatasi ya kusaini.

Nikamwambia mdogo wangu tupige hesabu ya mafuta, kwa sababu alikuwa ananiambia kwamba umeme ni bure ukilinganisha. Sio bure. Chukua umeme wa nyumbani senti 17 kwa yuniti na galoni ya petroli dola 3, bei zinapanda na kushuka ila tuanze na hizo. Slate ikienda maili 100 inakula kama yuniti 35, hiyo ni dola 6. Maverick haibridi ikienda maili 100 kwa wastani wa maili 38 kwa galoni ni karibu dola 8. Dola mbili! Kwa mtu wa maili 13,500 kwa mwaka ni kama dola 260, nzuri lakini haijengi nyumba. Ila mdogo wangu hatoki kwenye haibridi, anatoka kwenye lile pikapu lake la zamani la silinda sita linalokwenda maili 18 kwa galoni, na hilo linakula karibu dola 17 kwa maili hizo mia. Hapo tofauti inapita dola 1,400 kwa mwaka, bila kuhesabu oili ya injini, plagi, mikanda ya injini, ekzosi, vitu ambavyo gari la umeme halina kabisa, na breki zinazodumu kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kwa hiyo mtu akiuliza utaokoa shilingi ngapi, mi namuuliza kwanza unatoka kwenye nini.

Kuna kitu kingine kinachonifanya niipende hii pikapu hata kabla sijaiona. Marekani hamna pikapu ndogo ya bei chee, na sababu mojawapo ni kuku. Kweli kuku. Miaka ya 60 Ulaya waliweka ushuru kwenye kuku wa Marekani, Marekani nao wakajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye magari madogo ya mizigo yanayotoka nje, ukaanza 1964, ugomvi wa kuku ukasahaulika na ushuru ukabaki mpaka leo. Ndo maana Toyota wanaweza kutoa Hilux Champ huko Thailand, chuma kitupu, boksi la nyuma unafunga unachotaka mwenyewe, na mtu wa Ohio hawezi kuingia dukani akainunua. Kampuni zinazoundia magari huko ndani zilivyobaki bila ushindani wa nje zikahamia kwenye makubwa ya faida kubwa, na Septemba 2025 wastani wa bei ya gari jipya Marekani ukavuka dola 50,000. Fundi rangi anayehitaji boksi na magurudumu manne tu, alikuwa ananunua mtumba wa mtu mwingine, na matatizo yake. Mi nataka hili gari lifanikiwe. Nataka mtu akae chini achore gari akimfikiria huyo fundi rangi.

Hofu yangu nyingine ni kampuni yenyewe ni changa. Lordstown waliokuwa wanatengeneza pikapu ya umeme walifilisika 2023, Fisker 2024, Canoo Januari 2025, na wenye magari ya Fisker waliachwa wanahangaika na spea na programu. Nilichomwambia mdogo wangu ni kwamba gari lenye vitu vichache lina nafuu kampuni ikifa, hakuna skrini kubwa ya kugoma, bodi ni bolti na plastiki, kioo ni hendeli. Lakini betri na kompyuta inayoisimamia huwezi kuifunga kwa mpira wa bomba. Kwa hiyo mi nisingekuwa wa kwanza kwenye foleni. Ningeacha dola 50 zikae pale, nisubiri walionunua waendeshe msimu mmoja wa baridi, nisikie.

Yote hayo tuliyamaliza, tukarudi kwenye swali langu la usiku ule, utaichajia wapi.

Anaishi nyumba ya kupanga, chumba cha juu, pikapu analaza barabarani. Hili ndo linaloniuma. Hesabu yetu yote ya dola 6 ni ya mtu mwenye soketi pale anapolaza gari. Chaja za haraka za barabarani mara nyingi ni zaidi ya mara mbili ya umeme wa nyumbani, dola 6 inakuwa 12 au 15, na hapo ile Maverick inayokunywa petroli ndo inakuwa ya bei chee, na bado umekaa nusu saa kwenye baridi kila siku mbili tatu badala ya mara moja kwa mwezi. Gari limetengenezwa kwa mtu wa kipato cha kawaida, na mtu wa kipato cha kawaida ndo mara nyingi analaza gari mahali pasipo pake. Mwenye nyumba yake na gereji ana soketi, lakini mara nyingi huyo anaweza kununua gari lolote, hii kwake inakuwa gari la pili la kwenda kununua mbao.

Wala hahitaji mtambo wa ajabu. Soketi ya kawaida ya ukutani kule, ya volti 120, inatoa kama kilowati 1.4. Chomeka saa mbili usiku, chomoa saa kumi na mbili asubuhi, umeingiza yuniti 14, ukitoa zinazopotea zimebaki kama 12, hizo ni kilomita 55 hivi kwa pikapu hii. Angalia daftari lake, 50 hadi 70. Kila usiku anarudisha karibu alichotumia, na kinachopungua anakifidia Jumapili gari likiwa limelala. Soketi moja tu ya kawaida, kama ya kuchomekea pasi, ndo inaamua.

Nikamwambia kamuulize mwenye nyumba, na uende na hesabu mkononi, mwambie utaweka mita ndogo na utalipa kila yuniti. Alikuwa anaona aibu, akanizungusha wiki nzima. Juzi akanitumia picha bila maneno. Ukuta wa gereji ya mwenye nyumba, nyuma kwenye uchochoro, soketi ya nje yenye kifuniko cha plastiki kilichopauka, na chini yake nafasi ya gari moja ambayo mama yule alikuwa anaweka mapipa. Amesema mapipa yatahamishwa.

Nikampigia hapohapo. Nikamwambia usisogeze hata pipa moja kwanza, ita fundi umeme aangalie kama hiyo soketi ina breka yake peke yake au imeunganishwa na friji ya gereji, na waya unene gani, maana saa kumi mfululizo kila usiku sio kama kuchomeka drili. Fundi anakuja Jumamosi asubuhi.